Sababu Tatu za Kubaki

Foleni ya duka la fotokopi katika wiki ya mitihani haina adabu. Watu husukumana kwa viwiko wakiwa wamekumbatia karatasi vifuani, kila mmoja akiamini zake ndizo za maana kuliko za wenzake. Mchana huo walikuwa kumi na saba mbele ya mashine mbili, moja ikiwa imekata roho tangu asubuhi. Feni iliyokuwa juu ya kaunta ilikuwa ikizungusha joto lile lile kutoka ukuta huu kwenda ule.

Mwalimu alikuwa wa kumi na nane. Alivaa gauni la kijani lililopauka mabegani na viatu vya chini vilivyolala upande kwa kusimama sana. Nywele alikuwa amezifunga kwa mpira wa kufungia karatasi, maana asubuhi hakuona kingine. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, lakini baada ya vipindi sita mfululizo ungempa arobaini, na asingekukatalia.

Zamu yake ilipofika alikutana na mwanamume mrefu mwenye aproni ya bluu na vidole vyeusi kwa wino. Mtaa mzima walimwita Kopi. Kopi aliipokea karatasi, akaanza kuisoma.

"Nakala hamsini na mbili," mwalimu alisema. "Kusoma sijakuomba."

"Nasoma kila kinachopita hapa. Nisiposoma nitalala nimesimama." Akaisogeza karatasi kwenye mwanga. "'Shule zote ziache kutoa kazi za nyumbani. Sababu ya kwanza, kila mtu anajua hazina faida.' Kila mtu nani?"

Mwalimu akamtazama vizuri. Kwa miezi minne alikuwa akihangaika kuwafanya watoto wa darasa la saba waulize swali hilo hilo, na walikuwa wakimkodolea macho tu. Leo limetoka kinywani mwa mtu aliyekuwa akitafuta stepla.

"Ni mfano wa hoja mbovu," alisema. "Nimeiandika hivyo makusudi, watoto waikosoe."

"Afadhali. Nilishaanza kukuonea huruma."

"Endelea tu kunionea. Nina vipindi viwili bado."

Kopi alicheka. Alimpa nakala zake hamsini na mbili zikiwa zimepangwa sawasawa, na juu yake kikaratasi kilichochapwa namba ya simu. "Siku nyingine piga kabla hujatoka. Foleni nitakukalia mimi."

Akapiga. Wiki ya kwanza alipiga kwa ajili ya karatasi, wiki ya pili kwa ajili ya karatasi na maongezi, na kufikia wiki ya tano karatasi zilikuwa kisingizio kisichomdanganya mtu yeyote.

Alichokuwa akifundisha kinaelezeka kwa pumzi moja, ila kukifundisha ni kazi ya punda. Mtoto atoe dai, alitolee sababu, kila sababu aipe ushahidi, kisha amfikirie anayempinga na amjibu kwa heshima. Watoto wa miaka kumi na mbili wana madai ya kujaza ghala. Ushahidi ndio hawana. Kwa hiyo pambizo za madaftari yao zilijaa neno moja kwa kalamu nyekundu, *Ushahidi?*, hadi wakambatiza jina hilo. Akikatiza uwanjani ungesikia wakinong'onezana, "Ushahidi anakuja," na mpira ukaenda kuchezewa mbali.

Kopi alilipenda jina hilo kuliko wote.

"Nimekukumbuka," angesema kwenye simu, mashine ikinguruma nyuma yake.

"Ushahidi?"

"Nimekata vyeti viwili vya mteja upogo. Amenitukana mimi na ukoo wangu."

"Huo ni ushahidi kwamba hujui kukata."

"Basi njoo ujionee. Na ule kitu, sauti yako haina chakula ndani."

"Kopi, nina madaftari mia na manne."

"Njoo nayo. Mimi napanga, wewe unasahihisha. Mpenzi, hata ng'ombe wa kulimia anafunguliwa nira."

Alikuwa akienda. Alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kaunta akiwa amevua viatu, kalamu nyekundu mkononi, na mara nyingi alisinzia kabla ya kufika daftari la kumi. Kopi alikuwa akiipunguzia mashine sauti kwa kuifunika na koti lake, jambo lisilosaidia chochote, lakini alilifanya. Huko ndiko kupendana kulikowapata, katikati ya harufu ya wino moto, na wote wawili walikuwa wamechoka mno hata kujifanya hawajapendana.

Jumamosi walikwenda kwa mama yake Kopi. Mama huyo alikuwa fundi cherehani mpaka kiharusi kilipomlegeza upande wa kushoto. Sasa alitembea kwa mkongojo na kuwakosoa watu mishono ya nguo zao. Kopi aliishi naye, alimpikia, alimnyoosha mkono kila asubuhi kama daktari alivyoelekeza. Mtu akimuuliza kwa nini hajafungua duka mahali penye biashara zaidi, alikuwa na jibu moja tu: mama hawezi kuhama. Alilisema mara nyingi kiasi kwamba hata yeye alishaacha kulisikia.

Mwaka na miezi miwili ikapita hivyo. Kisha ikaja barua ya ofisi ya mitaala.

Mwalimu aliisoma akiwa amesimama kwenye chumba cha walimu, kisha akaisoma tena akiwa amekaa. Walimtaka akaandike vitabu vya kufundishia hoja na insha, katika mji ulio mwendo wa saa tisa kwa basi. Angekuwa na meza, dirisha, na mlango unaofungwa. Asingekuwa na daftari hata moja la kusahihisha. Jibu lilitakiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Alimwambia Kopi alasiri ile ile, dukani, wateja wakiwa wamepungua.

"Umeshaamua?" Kopi aliuliza.

"Karibu."

"Karibu ndiyo, au karibu hapana?"

"Karibu nimechoka, Kopi. Leo nimemwita mtoto kwa jina la kaka yake niliyemfundisha miaka mitano iliyopita. Nikamgombeza kwa makosa ya kaka yake."

Kopi alifuta kioo cha mashine, kilichokuwa kisafi. "Mimi siwezi kuondoka. Unajua hali ya mama."

"Najua. Ndiyo maana sijakuomba."

Mwalimu alitegemea Kopi angesema neno lolote, na Kopi alitegemea kwamba kutoombwa maana yake ni kutotakiwa. Wakaagana kwa upole kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

Wiki hiyo mwalimu alikuwa ametoa zoezi la kuandika: *Mwandikie mtu barua ya kumshawishi asihame.* Ukimuuliza alikuwa akifikiria nini alipochagua mada hiyo, angekwambia hakufikiria kitu. Watoto waliruhusiwa kujivika nafasi ya mtu yeyote. Mmoja aliandika kama dereva wa lori, mwingine kama nyanya wa mtu, na mmoja kama mbuzi anayemsihi mwenye zizi.

Jumamosi asubuhi alimpelekea Kopi barua zote hamsini na mbili azipunguze kingo zilizochanika. Akazisoma zote, kama kawaida yake. Alipofika kwa mbuzi alicheka peke yake, na baada ya kucheka akajisikia vibaya, kwa sababu hata mbuzi alikuwa amesema, na yeye alikuwa amekaa kimya wiki nzima akifuta vioo.

Akafunga mlango, akachukua karatasi yenye mistari na kalamu. Mwaka mzima kila alichompa mpenzi wake kilitoka mashinani kimechapwa. Mwandiko wake mwalimu hakuwahi kuuona. Aliandika kwa saa mbili, akipiga moyo konde kila mstari, na akafuata mpangilio ule ule anaofundishwa mtoto wa darasa la saba, akidhani atamfurahisha. Dai, sababu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwisho akaongeza aya ambayo haikuwa na mpangilio wowote. Jina hakuweka, aliona haya. Akaiweka barua yake juu kabisa ya rundo, akalifunga kwa utepe, akamkabidhi mwenyewe alipokuja.

"Anza na ya juu," alimwambia.

"Nitaanza na kulala," mwalimu alijibu, akambusu shavuni, akaenda.

Jambo ambalo Kopi hakulijua ni namna mwalimu anavyosahihisha karatasi moja moja, kazi aliyokuwa akiifanya nyumbani. Mwalimu huyu alikuwa na utaratibu wake, na alijivunia kwamba ni wa haki. Watoto waliandika majina nyuma ya karatasi, naye hakugeuza hata moja mpaka alama ziishe kuwekwa, ili asimpendelee mtu. Na kabla ya kuanza alilichanganya rundo lote mezani kama karata, kwa sababu alijua watoto wa mwanzo hupata macho mazima na wa mwisho hupata mabaki. Barua ya Kopi ikazama.

Jumapili alasiri iliibuka ikiwa ya arobaini na tatu.

Alikuwa hoi. Shingo ilimuuma, chai ilikuwa imepoa na kufanya utando. Alisoma mifupa tu: dai lipo, sababu ya kwanza ipo, ya pili ipo. Mwenye barua alijifanya mfanyabiashara, alikuwa na duka na mama mgonjwa, na mwalimu hakushtuka, kwani mwenzake alikuwa mbuzi. Alipofika sababu ya tatu kalamu ilishaanza kuandika. *Sababu zako zote ni za kwako wewe. Anayehama anapata nini? Pingamizi hujaligusa. 9/20.* Aya ya mwisho hakuisoma. Miaka tisa alikuwa amewaambia watoto wasihukumu andiko ambalo hawajalimaliza, na siku hiyo alihukumu, akapiga mstari chini yake na kuvuta karatasi nyingine.

Alipogeuza kutafuta majina, karatasi moja haikuwa na jina. Mtu kasahau, alijisemea bila kuzihesabu. Basi inafaa kwa zoezi, haimuaibishi yeyote.

Jumatatu saa moja asubuhi alipita dukani mbio, Kopi akiwa bado hajafika. Aliichomeka karatasi chini ya mlango ikiwa na maelezo ya kubandika: *Nakala 52 tafadhali. Mfano wa hoja dhaifu. Nimechelewa.*

Kopi alifungua mlango, akaiokota, akaisoma. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki. Aliisoma kalamu nyekundu mara tatu, kisha akainuka, kwa sababu kazi ni kazi, akaiwasha mashine na kuitazama barua yake ikitoka mara hamsini na mbili, tisa juu ya ishirini kila nakala. Alizibana vizuri. Akazipeleka shuleni mwenyewe, akaziacha kwa katibu muhtasi, akarudi bila kumuulizia mtu.

Jioni mwalimu alipiga simu.

"Asante kwa nakala. Mbona hukuniita? Nilikuwa chumba cha pili tu."

"Nilikuwa na haraka."

"Una nini?"

"Sina kitu. Jibu lako nimelipata."

Asubuhi hiyo mwalimu alikuwa amemdokeza mwalimu mkuu kwamba huenda atakubali kazi ile, akadhani habari zimeshafika mtaani. "Nani amekwambia?"

"Si lazima niambiwe. Najua kusoma."

"Nilitaka nikwambie mwenyewe, Kopi. Nilijua utaumia."

"Ulijua nitaumia, ukafanya hivyo hivyo."

"Ungetaka nifanyeje? Nibaki mpaka nianguke darasani?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema kitu chochote, hilo ndilo tatizo."

"Haya, mwalimu," Kopi alisema. "Nimekuelewa vizuri sana. Nenda salama." Akakata, na Jumanne nzima simu yake ilikuwa imezimwa.

Jumatano, kipindi cha tatu, mwalimu aligawa zile nakala. Hakuwa amelala. Alivaa gauni lile lile la Jumanne, na watoto waliliona lakini hawakusema. Kazi yao ilikuwa ya kawaida: asomaye asome kwa sauti, wengine wapime. Msichana mwenye miwani wa dawati la mbele alisimama.

"'Ninakuandikia nikusihi usihame,'" alisoma. "'Sababu ya kwanza, duka langu liko hapa na mashine hizi hakuna mwingine anayezijua. Sababu ya pili, mama yangu hawezi kuhama, naye amekuzoea. Jumamosi usipokuja ananiuliza mara tatu. Sababu ya tatu, ukiondoka sitakuwa na mtu wa kuniuliza ushahidi.'"

Darasa likacheka kwa jina hilo. Mwalimu hakucheka. Alishika ukingo wa meza.

"'Najua sababu hizi hazitoshi,'" msichana akaendelea. "'Nilipofika hapa nimegundua sijui kukushawishi. Siku ile ulisinzia kwenye kiti changu na kalamu ikaanguka, nikaiokota nikaishika mpaka ulipoamka. Wateja wawili waliondoka kwa kuchoka kunisubiri. Nataka kuishi nawe. Ukikataa nitaelewa, ila usinijibu kwa simu, nijibu ukiwa umekaa.'" Akashusha karatasi. "Imeisha. Hakuna jina."

Mwalimu alikuwa amegeukia ubao, na hapakuwa na kitu ubaoni. Nyuma yake mikono ilishaanza kunyooshwa, maana watoto aliwazoesha kazi na kazi ilikuwa inaendelea.

"Semeni," alisema bila kugeuka.

"Sababu ya kwanza ni ya duka, si ya anayehama."

"Sababu ya pili ina mama," alisema mwingine. "Anasema mama hawezi kuhama, lakini hajatuambia nani kasema. Daktari? Mama mwenyewe? Amemuuliza?"

"Hajamuuliza," wakaitikia watatu kwa pamoja. "Angemuuliza angeandika."

"Mimi naona aya ya mwisho ni nzuri," alisema msichana mwenye miwani. "Lakini si sababu. Ni kwamba tu anampenda." Aliinua nakala, akaitazama ile kalamu nyekundu iliyotoka nyeusi. "Mwalimu, mbona maelezo yako hayaigusi aya ya mwisho?"

Angeweza kuwadanganya. Ni watoto, wangeamini.

"Sikuisoma," alisema.

"Ukampa tisa?"

"Nikampa tisa."

Hakuna aliyecheka. Watoto hamsini na mbili walimtazama kwa ile huruma kali ya watu waliokatwa alama maisha yao yote, na mwalimu akahisi machozi yanakuja, akawaambia wafungue ukurasa wa themanini.

Kipindi kilipoisha alivuka barabara mbili bila kuangalia magari. Dukani kulikuwa na mteja mmoja akisubiri vyeti vyake viwekwe plastiki. Alimsubiri aondoke. Kopi alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mifupi bila aproni, ndevu za siku tatu, na hakumpa kiti.

"Sikujua ni yako," mwalimu alisema.

"Nilikwambia uanze na ya juu."

"Huwa nazichanganya. Ilikuwa ya arobaini na tatu, nikaona hoja mbili, nikaweka alama. Mwisho wake nimeusikia leo, umesomwa na mtoto."

"Umesomwa darasani?"

"Ndiyo."

Kopi alijishika kichwa. "Wote wameisikia?"

"Wote. Nisamehe. Sina la kujitetea, sikuisoma mpaka mwisho, na wewe husoma mpaka risiti za watu." Akavuta pumzi. "Sasa niko mbele yako. Nitakaa kama ulivyosema, ukinipa kiti."

Alimpa. Akakaa, akavua viatu, akatazama mikono yake.

"Aya ya mwisho nitaitunza mpaka nizeeke," alisema. "Lakini zile sababu, alama ni ile ile."

"Hata leo?"

"Hata leo. Kopi, ukurasa mzima na hakuna neno 'umechoka.' Nimekwambia nimechoka kila siku kwa mwaka mzima. Wewe ukanipa kiti, ukafunika mashine kwa koti. Nikakupenda kwa hayo. Halafu nikapata mlango wa kutokea, ukaniandikia kuhusu mashine zako."

Uso ulikuwa umemshuka Kopi. "Ni kweli," alisema. "Niliogopa tu. Nilitafuta chochote cha kukushikilia."

"Na kuna swali darasa limeniagiza nikuulize. Mama ulimuuliza?"

"Mama ni mgonjwa, unamjua."

"Sikuulizi kama ni mgonjwa."

Mwalimu alisimama, akavaa viatu. "Ijumaa saa nne napeleka jibu, na jibu ni ndiyo. Nikibaki kwa kukuonea huruma nitakuja kukuchukia. Ningependa tusifike huko."

Jioni hiyo Kopi alikuwa akimnyoosha mama yake mkono, kidole kimoja baada ya kingine, na alikuwa amekirudia kidole kile kile mara nne.

"Hicho umeshakimaliza, baba," mama alisema. "Leo una nini?"

Akamweleza yote, hadi mbuzi. Mama alimsikiliza akiwa ameangalia dirishani. Alipomaliza, mama aliuvuta mkono wake, akauweka mapajani.

"Kumbe huwa unawaambia watu mimi siwezi kuhama."

"Si kwa ubaya, mama. Mguu wako, na nyumba umeizoea, na majirani."

"Majirani gani? Yule anayemwaga maji machafu mlangoni kwangu?" Alitikisa kichwa. "Miaka mitatu nakaa hapa nikidhani wewe ndiye usiyetaka kuondoka, nikakaa kimya nisikubughudhi. Nani kakwambia mimi ni kabati? Mguu mmoja ninao, na wa pili unakuja kwa kujivuta."

"Basi utakwenda?"

"Sijasema. Hata leo hujaniuliza, umenisimulia. Na mwenye safari si wewe. Nipeleke kwake, aniulize mwenyewe."

Ijumaa saa nne kamili mwalimu aliiweka barua yake ya kukubali mezani kwa mwalimu mkuu, akarudi darasani akafundisha vipindi vitatu. Hakujisikia mshindi. Alijisikia kama mtu aliyetua mzigo na mgongo ukabaki umepinda. Saa nane mchana katibu muhtasi alimfuata mlangoni akamwambia ana wageni.

Kwenye benchi la mapokezi alikaa mama yake Kopi, amevaa gauni la zambarau alilolishona mwenyewe kabla ya ugonjwa, lenye marinda yaliyopigwa pasi hadi yanakata. Mkongojo ulikuwa katikati ya magoti. Kopi alisimama kando, amenyoa, jasho likimtoka kwa kumpandisha mama ngazi sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia kuna watoto hamsini na mbili wamesema sijaulizwa. Nimekuja niulizwe."

Katibu muhtasi aliacha kupiga chapa. Mwalimu alimtazama Kopi, Kopi akainua mabega. Basi mwalimu akachuchumaa mbele ya benchi mpaka macho yao yakalingana.

"Mama, leo nimekubali kazi ya mbali. Namtaka mwanao anioe, na nataka twende wote watatu. Nyumba nitatafuta isiyo na ngazi. Utakubali kwenda?"

"Mbona mimi sijaulizwa hilo la kuoa?" Kopi alisema.

"Wewe ngoja," mama yake alimjibu bila kumtazama. Alimwangalia mwalimu usoni, akayaona macho mekundu na mpira wa karatasi kwenye nywele. "Nina swali moja. Kazi ni kazi, hata huko utachoka. Ukichoka tena, utamsoma nusu?"

Mwalimu alitaka kusema hapana. Neno lilimfika mdomoni, akalirudisha.

"Nitachoka, mama. Siwezi kukuahidi kwamba sitachoka, nitakuwa nakudanganya. Siku nikichoka nitamwambia nimechoka. Sitaweka alama. Nitamsoma kesho yake, mpaka mwisho."

Mama akausogeza mkongojo pembeni kumpisha.

"Mimi nimekubali," alisema. "Sasa muulize huyo."

Mwalimu aliinua macho. "Kopi?"

"Nitakuja," Kopi alisema. "Mashine zitapata mtu. Nipe mwezi mmoja nimfundishe."

"Mwezi ni sawa."

Aliinuka kwa kushika goti la mama, akakaa kati yao kwenye lile benchi gumu, akavua viatu pale pale mapokezi mbele ya katibu muhtasi. Alisema atafumba macho dakika tano tu. Wakamwachia kipindi kizima.